Wafu wenye shughuli zao: mapitio ya Land Without Thunder ya Grace Ogot

Katika hadithi iitwayo The Rain Came, binti wa mtemi, Oganda, anatembea kwenda ziwani akamezwe na zimwi ili mvua inyeshe. Njiani anakutana na watoto. Mmoja wao anamnyooshea hereni ndogo na kumwomba, atakapofika kwa wafu, ampe dada yake aliyefariki juma lililopita akaisahau. Oganda anaipokea. Maji na chakula chake cha safari anamwachia mtoto, maana havitamfaa tena, kisha anashika njia.

Mtoto yule haogopi wala halii. Anatuma mzigo, kama mtu anavyomkabidhi kondakta kifurushi cha kwenda Kisumu. Aya hiyo ni fupi mno, lakini msomaji akiielewa amekielewa kitabu kizima. Wafu wa Grace Ogot wanaishi mahali panapojulikana, wana vitu walivyovisahau nyumbani, wana madai kwa jamaa waliobaki, na watu wazima kwa watoto wanalijua hilo tangu asubuhi hadi jioni. Anayenunua kitabu hiki akitafuta milango inayojifunga yenyewe na vilio vya usiku wa manane ataona amepunjwa. Anayetaka kujua kijiji kinaishije na wafu wake hatapata kitabu kizuri kuliko hiki katika fasihi ya Afrika Mashariki ya miaka ya 1960, nami nalisema hilo nikijua kwamba kina kasoro zake, na nitazitaja.

Kwanza asili yake. Ogot alizaliwa 1930 huko Asembo, Nyanza, magharibi mwa Kenya, kando ya Ziwa Victoria. Nyumbani kulikuwa na bibi msimulizi wa ngano za Wajaluo, na baba mwalimu Mkristo aliyewasomea watoto hadithi za Biblia kwa Dholuo, lugha ya Wajaluo. Alisomea uuguzi Mengo, Uganda, kisha ukunga Uingereza, na akafanya kazi BBC. Mwaka 1962 alihudhuria mkutano wa waandishi wa Kiafrika Makerere, akaona jinsi Afrika Mashariki ilivyokuwa na maandishi machache ya kuonyesha, akaamua kuchapisha. Hadithi yake ya kafara ya mvua ilitoka 1963 katika jarida la Black Orpheus kwa jina la A Year of Sacrifice, na ndiyo aliyoiandika upya ikawa The Rain Came. Riwaya The Promised Land ilifuata 1966, na mkusanyiko huu wa hadithi fupi ukatoka 1968, vyote kwa East African Publishing House ya Nairobi. Kabla ya hapo ofisi ya uchapishaji ya serikali ilikuwa imezikataa hadithi zake. Ogot mwenyewe alieleza baadaye kwamba wahusika wa pale hawakuelewa mwanamke Mkristo anaandikaje habari za kafara na uganga badala ya wokovu. Ni habari ya kuiweka akilini wakati wa kusoma, kwa sababu kitabu hakimwombi mtu radhi popote. Hakuna msimulizi anayesita na kutuambia kwamba hayo yalikuwa mambo ya kale, sasa tumestaarabika.

Uuguzi wake unaonekana katika sentensi. Ogot haandiki kwa mapambo. Sentensi zake ni fupi, zinataja mwili na kitu: nani amekaa wapi, ameshika nini, jasho limetoka au halikutoka. Jambo la kutisha likifika, lugha haipandi sauti. Waandishi wengi wa hadithi za mizimu hukosea hapo hapo. Wanaanza kutetemeka kabla ya msomaji, na msomaji akiona mwandishi anatetemeka anajua ameandaliwa. Ogot anakuacha uone mwenyewe kwamba kilichosemwa kwa utulivu hivyo hakisemeki.

Itazame The Rain Came kwa karibu uone inavyofanya kazi. Inaanza mtemi Labong'o akiwa bado mbali na lango, binti yake amemwona na kumkimbilia kuuliza habari za mvua. Baba ananyoosha mikono asiseme neno. Sisi tunajulishwa mapema kwamba mganga Ndithi amezungumza na mababu, na katika maono ameonyeshwa msichana amesimama ufukweni, ana pete sikioni na mkufu wa shaba unaong'aa kiunoni. Labong'o ana wana wengi wa kiume, ila binti ni huyo mmoja, na mkufu uko kiunoni mwake. Wazee na jamaa wanaingia nyumbani kushauriana, Oganda amebaki nje. Anaona mkutano mkubwa, nyuso nzito, jina lake likitajwa, naye kwa akili ya msichana aliyefika umri anaamua kwamba wanamwoza. Anaanza kuwapitia wanaume wanaomtaka mmoja mmoja, huyu simtaki kwa hili, yule kwa lile, akiomba moyoni awe Osinda, kijana anayempenda. Ogot anaiacha dhana hiyo iende mbali kuliko unavyoweza kuvumilia. Mkutano wa posa na mkutano wa kumtoa mtu kafara vinafanana kwa nje kwa kila kitu, na mwandishi hahitaji kuongeza hata kivumishi kimoja. Baada ya hapo zinakuja zawadi, karamu na ngoma.

Mwisho wake ndio unaozua ubishi madarasani. Osinda anamwahi Oganda ufukweni, anamfunika kwa vazi la majani lenye kuwaficha wasionekane na macho ya mababu na ya zimwi, wanatoroka. Kisha radi inapiga na mvua inanyesha. Wanafunzi hupenda kuhitimisha kwamba basi imani ile ilikuwa bure, mvua ingenyesha tu. Walimu nao mara nyingi hupokea jibu hilo na kulipa alama. Lakini mtu asiyeamini mababu havai majani ya kujificha machoni pa mababu. Osinda anavunja amri yao akiwa na uhakika kamili kwamba wapo na wanaona. Hadithi haitoi hukumu kama mvua imetoka kwao, imetoka mawinguni, au imetoka kwa sababu kilichotakiwa ni msichana kukubali kwenda na si kufa. Ukiisoma kwa sauti usisimame pale mvua inapoanza ili ueleze maana. Malizia, funga kitabu, waache wabishane.

Nisingemshauri mtu aanzie hapo, hata hivyo, wala kufuata mpangilio wa kitabu. Hadithi za hospitali na za mjini zimechanganywa na za kijijini, na msomaji aliyekuja kwa ajili ya mizimu anaweza kukutana na mgomo wa wauguzi akadhani ameuziwa kitabu kingine. Aanze na The Green Leaves. Wezi wa ng'ombe wanakurupushwa usiku, mmoja anakamatwa na kupigwa hadi aonekane amekufa. Mzee wa ukoo anaonya kwamba kwa sheria ya mzungu kuua mwizi ni kuua mtu, kwa hiyo jambo hili lisiwe la mmoja, litakwenda kuripotiwa asubuhi kwa pamoja. Maiti inafunikwa kwa matawi mabichi, watu wanarudi kulala. Mmoja wao, Nyagar, harudi. Anafikiria fedha ambazo mwizi lazima anazo mwilini. Si maskini huyu. Ogot anahakikisha tunalijua hilo. Anatembea gizani peke yake kuelekea lile rundo la majani, na anachokiogopa ni mzuka wa marehemu. Aliyelala chini ya majani si marehemu. Asubuhi kijiji kinakuja na afisa wa kizungu, matawi yanaondolewa, na anayeonekana ni Nyagar.

Hakuna mzimu hata mmoja katika hadithi hiyo, na bado ndiyo inayofundisha kuisoma mizimu ya Ogot. Hofu ya Nyagar kwa wafu ilikuwa sahihi kwa namna fulani. Ingemwokoa kama angeitii. Kuna jambo jingine linalopita upesi: ushahidi wote unageuka mbele ya afisa aliyekuwa ameshajiandaa kuwaona wanakijiji kama wauaji. Hadithi ina kurasa chache, lakini ina kesi ya ukoloni, ya tamaa na ya miiko ndani ya rundo moja la matawi. Kama utasoma moja tu, soma hii.

Ya pili iwe The Rain Came, ya tatu Tekayo. Hiyo ya tatu si ya kumsomea mtoto kabla ya kulala. Mzee anayeheshimiwa anachunga, tai anapita na kipande cha ini, kinaanguka, mzee anakichoma na kukila. Ni kitamu kuliko chochote alichowahi kuonja. Anaanza kuchinja mnyama mmoja baada ya mwingine akiitafuta ladha ile, hakuna inayofanana. Halafu wajukuu wanaanza kupotea. Ogot anaishughulikia habari hii kwa subira inayochosha neva: hatua kwa hatua, mnyama kwa mnyama, kama rekodi ya mgonjwa inayojazwa kila zamu. Haelezi ni pepo gani limemwingia babu, wala kama limemwingia. Kinachobaki ni babu aliyeachiwa watoto kwa sababu hakuna mtu mwingine wa kuaminika kuliko babu. Mwisho anajiua kabla ukoo haujamhukumu, na mwalimu anayeipanga kwa darasa aijue habari hiyo mapema.

Hadithi iliyokipa kitabu jina, Land Without Thunder, inafaa isomwe baada ya hizo tatu, msomaji akiwa ameshazoea. Mvuvi ananusurika katika ajali ya ziwani ambayo jamaa zake wanafia humo, na waliokufa hawamwachi. Huyu ndiye mzuka hasa kwa maana ambayo watu wengi wanaitarajia: unakuja, unadai, unamnyima mtu raha nyumbani kwake. Lakini sababu yake ni ya kijamaa. Kati ya ndugu waliotoka pamoja na mashua moja, mmoja amerudi kula chakula cha jioni. Wajaluo wana jina la marehemu mwenye kinyongo, jachien, na wana utaratibu wa kumtuliza, kwa hiyo shida inapelekwa kwa mganga kama shida nyingine yoyote. Kwa msomaji wa Ukerewe, Musoma au Mbita, ambako kila kijiji kina familia iliyozika mtu aliyetoka ziwani au iliyokosa cha kuzika, hii ndiyo itakayomgusa zaidi. Kwa ufundi naiweka chini ya The Green Leaves; inakwenda mbio mahali palipohitaji kutulia, na mke wa mvuvi angestahili nafasi zaidi.

The Bamboo Hut ni ya kisima na mapacha. Mtemi mwenye wake kumi na sita hana mtoto wa kiume. Mke mmoja anajifungua kando ya maji mtoto wa kiume na wa kike, anamficha wa kike kwenye kikapu aokotwe na wengine, na kumpelekea mumewe mrithi. Miaka inapita, kijana anapenda msichana, na unaweza kukisia. Ni ngano iliyovaa nguo za hadithi fupi, nayo inaendeshwa na bahati kuliko na tabia za watu. Soma kwa raha, usiibane sana.

Zilizobaki hazina mizimu, lakini si za kurukwa zote. The Old White Witch inahusu wauguzi wa hospitali ya misheni wanaogoma kwa kukataa kubeba vyombo vya haja vya wagonjwa, kazi ambayo nyumbani kwao mwanamke hawezi kuifanyia watu baki bila kuaibika. Mkuu wa wauguzi, mzungu, ndiye mchawi mzee wa jina la hadithi. Hapa Ogot anajua kila kitu: zamu, sare, nani anamnong'oneza nani. Ni hadithi bora ya kazi, na inashangaza jinsi miiko ileile inayotawala hadithi za ziwani inavyoingia wodini bila kubisha hodi. The Empty Basket, ya mama anayemkabili nyoka ndani ya nyumba wakati wanaume wamesimama nje na maneno mengi, ni fupi na inachekesha kwa ukali. The White Veil, ya mchumba aliyeachwa kwa sababu hakukubali kulala na mwanamume kabla ya ndoa na akalipiza siku ya harusi, imepitwa kidogo na wakati katika mafundisho yake ila mpango wa bibi arusi chini ya shela bado unafurahisha.

Elizabeth ni ya katibu muhtasi anayebakwa na bosi wake, na inaisha kwa kujiua. Mada yake ilikuwa ya kishujaa kwa 1968. Utekelezaji umejaa haraka. Bosi ni mbaya tangu anapoingia, na mhusika mkuu hana mtu wa kuzungumza naye isipokuwa msomaji. Kwa jumla Ogot akiondoka kijijini anapoteza ule ukimya wake. Mjini anaanza kutueleza.

Kasoro nyingine ni mazungumzo. Wahusika husema kwa Kiingereza kilichonyooshwa pasi, cha kutafsiri heshima za Dholuo sehemu ambako Kiingereza hakina nafasi ya kuziweka. Mtu anamwita mtemi kwa cheo kila sentensi, wazee wanaongea kama barua. Dawa yake ni rahisi: soma kwa sauti na ugeuze mazungumzo kwa Kiswahili papo hapo. Jaribu na ukurasa wa kwanza wa The Rain Came. Binti anayemkimbilia baba langoni na kumuuliza habari kwa heshima, ambaye kwa Kiingereza anasikika kama mjumbe wa ikulu, kwa Kiswahili anarudi kuwa binti. Walimu wanaofundisha watoto ambao Kiingereza chao bado kinajikongoja wataokoa nusu ya kipindi kwa njia hii. The Rain Came na The Green Leaves hazizidi nusu saa hivi kila moja zikisomwa polepole, kwa hiyo kipindi maradufu kinatosha kusoma na kujadili.

Kuhusu nakala. Toleo la zamani la East African Publishing House linakutwa kwa wauza vitabu vya mitumba, na karatasi yake sasa inakatika pembeni; libebwe kwa mikono miwili. La baadaye linatolewa na East African Educational Publishers wa Nairobi, na ndilo la kuagiza kama kitabu kitatumika darasani. Tahadhari ni mbili. Ya kwanza, The Rain Came na The Green Leaves zimo katika diwani nyingi za hadithi fupi za Kiafrika, na mtu anaweza kudhani amemsoma Ogot kwa sababu ya hadithi moja ya shuleni; hajamsoma. Ya pili, ukinunua kwenye vitabu vya inama, yaani vya mitumba vilivyotandazwa chini, fungua ukurasa wa yaliyomo kabla ya kulipa, uhakikishe Tekayo na hadithi yenye jina la kitabu zipo na kurasa zake hazijachomoka. Nakala zilizopita mikononi mwa wanafunzi hupoteza kwanza kurasa zilizotahiniwa.

Aliyekipenda aendelee na The Promised Land, hasa akiwa Mtanzania. Ochola na mkewe Nyapol wanahama Nyanza kwenda kutafuta ardhi Tanganyika. Mke hataki, anafuata. Ardhi ni kubwa, mavuno yanakubali, utajiri unakuja, na jirani mganga anaanza kuwatazama kwa jicho baya. Mwili wa Ochola unatoka vijinundu vinavyochoma kama miiba, daktari wa kizungu anashindwa, mganga Magungu anaweza, lakini sharti ni kuondoka na kuacha kila kitu. Kama riwaya ina sehemu ndefu zinazolegea, na Nyapol anavutia kuliko mumewe kiasi kwamba unatamani kitabu kingekuwa chake. Inajibu hata hivyo swali ambalo hadithi fupi hazikuligusa: inakuwaje kwa mtu anayehama na kuingia katika nchi ambayo mizimu yake si yake, na wafu wa kumtetea amewaacha ng'ambo ya mpaka.

Anayesoma Dholuo asisubiri tafsiri; achukue Miaha, ya 1983, ambayo kwa Kiingereza ilitoka 1989 kama The Strange Bride. Humo bibi arusi mgeni anashika jembe lililokuwa likilima lenyewe, ambalo kila mtu alikuwa ameonywa asiliguse, na tangu siku hiyo watu wanalima kwa jasho. Katika Dholuo mazungumzo yale yale yaliyokuwa yamekakamaa katika Land Without Thunder yanatembea kwa miguu yake.